Miguu Iliyotulia

Wiki iliyopita niliwaacha roshani, kamera mkononi. Wengine mmeniandikia kunitukana, eti nawaweka roho juu makusudi. Jamani, hata mimi roho ilikuwa juu. Tofauti ni kwamba ninyi mlikwenda kulala.

Kwa aliyeokota gazeti leo, habari kwa ufupi ni hii. Mimi ni mpiga picha. Watu huniita Popo kwa sababu kazi yangu huanza jua likizama: karamu, taa za mitaani, magorofa, magari. Mmeshasoma jinsi kamera yangu ya kwanza ilivyoibwa harusini, tena harusi yangu mwenyewe. Mmeshasoma nilivyoteleza juu ya paa nikitafuta picha ya jiji, nikaangukia banda la kuku. Mliocheka nawasamehe.

Safari hii hakuna cha kucheka.

Kila mwisho wa wiki mkahawa mmoja wa ghorofani huniita kupiga picha karamu ya mvinyo. Ni shughuli ya watu wenye nafasi zao. Wanakaa, wanamiminiwa glasi moja baada ya nyingine, na kila glasi inakuja na sahani yake. Kisha bwana mmoja mwenye tai ya kipepeo anasimama kuwaeleza wanachonusa. Tunamwita Mwonjaji. Akisema wananusa ngozi ya farasi, wote wananusa ngozi ya farasi, hata asiyewahi kumkaribia farasi.

Anayefungua chupa ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, wa kunifuata mimi. Wenzake wamempachika jina la Kizibo. Mkahawa mzima ni yeye peke yake anayevaa aproni ya kijani. Baba hayupo, mama hayupo. Nikimpoteza yule, sina tena mtu duniani wa kuniita dada.

Sasa ile picha. Picha za jiji gizani hazipigwi kwa pupa. Unaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, unafungua jicho lake, unaliacha wazi nusu dakika linywe mwanga. Katika nusu dakika hiyo chochote kinachotembea kinafutika. Gari linabaki mstari wa taa. Mpita njia anakuwa ukungu, au hayupo kabisa. Anayetulia ndiye anayeonekana.

Jioni ile niliielekeza kamera kwenye uchochoro wa nyuma ya jiko, unaotokea barabara kuu. Nilikuwa nawahi ile bluu inayobaki angani kitambo kidogo baada ya jua kuzama. Nikafungua jicho, nikageuka kunywa maji. Feni ya jiko ilikuwa inanguruma chini yangu, hata mtu angelia nisingesikia. Na mtu alilia.

Picha ilipotokea, uchochoroni palikuwa na mtu amelala chali. Aproni ya kijani. Ametulia, kila mkunjo wa nguo unaonekana. Juu yake amesimama mwingine. Miguu ya huyo wa pili ilikuwa wazi kabisa, imekita chini. Kuanzia magoti kwenda juu hapakuwa na mtu, ni ukungu mtupu.

Mnaelewa maana yake? Miguu ilitulia. Mikono haikutulia hata kidogo, nusu dakika nzima.

Hapo ndipo gazeti lilipoishiwa nafasi.

Niliinama ukingoni, nikatazama chini kwa macho yangu. Uchochoro mtupu. Hakuna mdogo wangu, hakuna mwenye miguu. Palibaki chupa iliyovunjika, na alama ndefu ya majimaji meusi inayoelekea mlango wa nyuma wa jiko. Mtu alikuwa ameburutwa.

"Kizibo!" nikapiga kelele. Feni ikanijibu.

Nikatoka mbio.

Ngoja kwanza nieleze ujinga wangu, maana bila ujinga huo hadithi hii ingekuwa nyingine. Mwenye mkahawa alitaka wateja wajione wakati wanakunywa. Akaniwekea kifaa kidogo pembeni ya kamera: kila picha nikiipiga inaruka yenyewe mpaka kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Nikitoka roshani kupiga picha zangu za jiji huwa nakichomoa na kukitumbukiza mfukoni mwa mkoba wa kamera.

Siku ile sikuwa na mkoba. Asubuhi kamba ya kiatu cha mume wangu ilikatika akiwa mlangoni, na mimi, kwa mapenzi ya mke, nikakata kamba ya rangi ya chungwa ya mkoba wangu nikamfungia.

"Mguu mmoja kamba nyeusi, mmoja chungwa," akanung'unika. "Watanicheka."

"Dereva hatazamwi miguu," nikamwambia. "Kaendeshe gari."

Mkoba usiofungika nikauacha nyumbani. Na kifaa, kwa kuwa hakikuwa na pa kuwekwa, nikakisahau kwenye kamera.

Basi nilipoingia ukumbini nikihema, nilikuta watu wanapiga makofi.

Nilidhani nimepagawa. Wote wamegeukia ukutani, glasi juu, wanashangilia. Kwenye skrini, mkubwa kuliko meza, alikuwa amelala mdogo wangu.

"Ajabu!" alisema mama mmoja wa meza ya dirishani, mwenye miwani ya fremu nyekundu. "Tazameni ile rangi! Hiyo ndiyo sanaa, siyo zile picha za kutabasamu."

"Ni mwigizaji?" akauliza jirani yake.

"Si mwigizaji!" nikafoka. "Ni mdogo wangu!"

Wakacheka. Nawaapia, walicheka. Walidhani ni sehemu ya burudani waliyoilipia.

Kabla sijapata nafasi ya kuitazama picha ile vizuri, skrini ikazimika. Mwonjaji alikuwa ameruka meza nzima kwa suruali yake ya kubana na kung'oa waya ukutani. Watu wakalalamika. Yeye akawatolea tabasamu la bei mbaya.

"Hitilafu ndogo ya umeme, wageni wapendwa. Endeleeni na glasi ya pili. Vuteni pumzi. Mnanusa tufaha, sivyo?"

Wakavuta pumzi. Wakanusa tufaha.

Mimi nilimtazama usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai. Nikasema moyoni, huyu hapa. Nimempata.

Alinishika mkono juu ya kiwiko, bado anatabasamu, akanikokota mpaka kwenye korido ya jikoni. Mlango ulipofungwa nyuma yetu tabasamu lilikwisha.

"Nipe kadi ya hiyo kamera."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Kadi!"

"Mdogo wangu yuko wapi, shetani wewe?"

"Mdogo wako kajitakia mwenyewe. Alikuwa anafungua chupa, kwa nini asifungue chupa akanyamaza? Nipe kadi."

Alinikamata mkono wa kulia, akakishika kidole cha shahada, kile ninachobonyezea kamera, akakikunja kwa nyuma. Nilisikia kinalia ndani ya mwili wangu kabla sijasikia maumivu. Kisha maumivu yakaja yote pamoja. Kamera ikaniponyoka. Akaidaka kwa mkanda, akaizungusha, akaipigiza ukutani mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka lenzi ikamwagika sakafuni vipande vipande.

Kamera ile nilikuwa bado sijamaliza kuilipia. Lakini siyo iliyonitia wazimu. Kilichonitia wazimu ni lile neno, kajitakia.

Mfukoni mwa kizibao chake kulikuwa na kizibuo, kile cha chuma kilichojisokota, anachokiringia mbele ya wateja. Nikakichomoa kwa mkono wa kushoto, nikamdidimizia pajani. Sikuchoma tu. Nilikizungusha, kama nilivyomwona mdogo wangu akizungusha maisha yake yote.

Aliruka juu akibweka. Akanirudishia ngumi ya mdomo, nikaona nyota zote ambazo kamera yangu haijawahi kuzipata. Nikaanguka kwenye makreti ya chupa tupu, makreti yakaniangukia mimi. Meno mawili yalikuwa yanacheza. Nilipofungua macho alikuwa amenipigia goti kifuani, na mkononi ana shingo ya chupa iliyovunjika.

Akaiweka shavuni mwangu, chini ya jicho.

"Sikiliza, mpumbavu wewe," alisema, mate yakimruka. "Picha hiyo inanimaliza na mimi, ndiyo maana naitaka. Lakini mimi kazi yangu ni kujaza chupa tu, unasikia? Kujaza chupa! Kupiga watu ni kazi ya—"

Kikaango kikatua kisogoni kwake.

Siyo kile chepesi cha mayai. Ni kile cha chuma, cha kuchomea nyama, kinachobebwa kwa mikono miwili. Mwonjaji alifumba macho taratibu kama mtu anayenusa kitu kizuri, akanilalia kifuani.

Nyuma yake alisimama Mama Jiko, mpishi mkuu, mwanamke mwenye mabega ya bondia. Nimewahi kuandika hapa kwamba ana mkono mzito kwenye chumvi. Leo nafuta maneno yangu. Mkono wake una kipimo safi.

"Amekuumiza, mwanangu?"

"Kizibo," nikasema. "Wamempiga Kizibo."

Tulimsukuma yule mtu pembeni. Na hapa niungame, maana ukurasa huu ni wa kuungama. Nilimpiga teke la mbavu akiwa amezimia. Kisha nikampiga jingine. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, na kama Mama Jiko asingenivuta ningeendelea mpaka asubuhi.

"Mwache, tusije tukaua," alisema. "Mfunge kwanza."

Akamfunga mikono kwa kamba za aproni, fundo juu ya fundo, kama anavyofunga nyama ya kuoka. Huku anafunga anaongea.

"Juzi mdogo wako alinifuata jikoni. Akasema amegundua kuna watu wanajaza mvinyo wa maboksi kwenye chupa za fahari. Chupa ni ya mfalme, kilichomo ni cha shimo la choo. Nikamwambia kaseme kwa mwenye mkahawa. Akasema hapana, lazima amwambie dada yake kwanza."

"Mimi? Mimi na mvinyo wapi na wapi?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akainamisha kichwa tu."

Sikuwa na muda wa kufikiri alichoinamishia kichwa. Tulisikia kitu kinagonga.

Mwisho wa korido, karibu na mlango wa nyuma, huwekwa kigari kikubwa cha vitambaa vya meza vilivyochafuka, vinavyosubiri kupelekwa kwa dobi. Kigari kilikuwa kinatikisika chenyewe. Nikakikimbilia.

Nilitoa kitambaa cha kwanza. Doa jekundu. Cha pili, doa jekundu. Siku zote nimeviona vitambaa vile vikiwa na madoa ya mvinyo, macho yakazoea. Cha tatu kilikuwa cha moto. Mvinyo hauwi wa moto.

Alikuwa amekunjwa chini kabisa kama nguo. Jicho moja limeziba, kubwa kama ngumi. Taya limekaa upande, mdomo umeachama na haufungi. Mikono yake, ile mikono inayozibua chupa bila hata kutoa sauti, vidole vilikuwa vimekanyagwa mpaka kucha zimehama. Alikuwa anagonga kwa kisigino.

"Dada yupo," nikamwambia. "Dada yupo, baba. Umepona."

Akajaribu kusema. Ilitoka sauti ya maji na damu.

"Usiseme. Nyamaza. Nani kakufanya hivi tunamjua, tumemfunga kama kuku."

Akatikisa kichwa. Mimi nikadhani ni maumivu.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mume wangu.

Kwa wasiomjua, mume wangu ndiye dereva wa gari la mkahawa ule ule. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Huleta makreti ya mvinyo na kuondoka na vitambaa vya dobi. Tangu tuoane sijawahi kumwona akifika mahali kwa wakati. Harusi yetu alichelewa, matanga ya mama alichelewa. Jioni ile alifika kwa wakati, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Alisimama kizingitini na glovu zake za kubebea makreti, anahema. Alinitazama mimi mdomo umepasuka, akamtazama Mama Jiko na kikaango, akamtazama Mwonjaji sakafuni. Kisha akakitazama kigari.

"Mke wangu! Kuna nini hapa?"

"Wamempiga shemeji yako! Njoo, njoo umwone!"

Alisogea upande wa pili wa kigari, akachungulia ndani.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Amesema lolote?"

"Atasemaje na taya hili? Hebu mtazame!"

Mume wangu akashusha pumzi, akafuta uso kwa glovu. "Mungu ni mkubwa," akasema.

Nililia kwa kumwona anavyomhurumia.

"Sasa sikia," akasema upesi. "Tukisubiri gari la wagonjwa atatufia mikononi. Mimi namkimbiza hospitali sasa hivi. Gari liko nje, injini inawaka."

"Tunakwenda wote."

"Utakaa wapi? Kiti cha mbele kimejaa makreti, na nyuma nitamlaza yeye. Halafu huyu," akamwonyesha Mwonjaji kwa kidevu, "akizinduka akakimbia je? Wewe ndiye shahidi. Baki na Mama Jiko mpaka polisi waje. Niachie mimi."

Maneno ya busara. Mume mwenye akili wakati wengine wamechanganyikiwa. Nilijisikia fahari, nawaambia ukweli, nilijisikia fahari.

Akaingiza mikono kigarini, akamwinua mdogo wangu kwa makwapa.

Kizibo akafungua lile jicho moja lililobaki. Likamtazama mume wangu, likanitazama mimi, likazunguka kama la mbuzi aliyelazwa chini. Vidole vile vilivyosagwa vikanishika blauzi kifuani, vikashika kwa nguvu ambazo mtu wa hali ile hana. Akatoa sauti kooni. Akaninyonga kwa kola yangu mwenyewe.

"Anaogopa," akasema mume wangu. "Mbandue, mke wangu. Tunachelewa."

"Kizibo, niachie. Ni shemeji yako, anakupeleka kwa daktari. Niachie, mwanangu."

Hakuachia.

Nikambandua. Kidole kimoja baada ya kingine, mimi na kidole changu kilichovunjika, naye na vyake vilivyosagwa. Kila nilichokitoa kilirudi kushika. Mwisho nikamkunja ngumi nikaifunika kwa mikono yangu yote miwili, nikaibusu, nikamkabidhi.

Mlango ukafungwa. Nikasikia gari linaondoka kwa kasi, nikasema, hata kuendesha leo ameendesha kiume.

Mama Jiko alinifunga kidole kwa kijiti na kitambaa, akapiga simu polisi. Wakasema wako njiani. Tukakaa juu ya makreti, tunamlinda mfungwa wetu. Kwa mara ya kwanza tangu jioni nilipumua. Mdogo wangu yuko hai, mshenzi amekamatwa, mume wangu ni simba. Kilichonisikitisha ni picha tu. Kadi ilikuwa imevunjika pamoja na kamera. Ushahidi wote umekwenda.

Ndipo mlango wa ukumbini ukafunguliwa, akachungulia yule mama wa miwani nyekundu, glasi mkononi.

"Mpiga picha yuko wapi? Nataka ile picha kwa ajili ya sebule yangu, ile ya—" Akaona damu. Akaniona mdomo wangu. Glasi ikamwanguka. "Yarabi! Kumbe ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli, mama. Na sasa haipo. Wameiharibu."

"Ipo," akasema. "Mimi niliiwahi. Ilipotokea pale ukutani niliipenda, nikaipiga kwa simu kabla hawajazima."

Nilimrukia nikamkumbatia, nikampaka damu nguo yake ya gharama. Akanipa simu.

Ilikuwa safi. Simu za wenye nafasi zao ni simu kweli. Mdogo wangu, aproni, ukuta, ile bluu yangu juu kabisa. Na miguu. Kwenye kioo kidogo cha kamera niliiona kama vijiti viwili. Sasa nikaikuza kwa kidole gumba, naikuza huku nimemgeukia Mwonjaji, nikitaka nilinganishe viatu vyake na vya pichani mbele ya mashahidi wawili.

"Mama Jiko, njoo uone. Tumwonyeshe polisi kiatu kwa kiatu."

Mwonjaji alikuwa amelala miguu imetuelekea. Viatu vyake vilikuwa vyembamba, vinang'aa, vya kutumbukiza mguu tu. Havina kamba.

Vya pichani vilikuwa na kamba.

Nikakuza tena. Kiatu cha kushoto, kamba nyeusi. Kiatu cha kulia, kamba ya rangi ya chungwa, imefungwa fundo la mizunguko miwili. Fundo langu. Nalifunga hivyo tangu utotoni, na nilimfundisha mtu mmoja tu kulifunga hivyo, naye ni Kizibo.

Nilisikia feni ya jiko, kisha sikuisikia tena.

Sakafuni mtu akakohoa. Mwonjaji alikuwa amefungua macho. Alitema jino, akaitazama simu mkononi mwangu, akanitazama usoni, na sijui kwa nini, yeye ndiye aliyenionea huruma.

"Ndicho nilichokuwa nakwambia," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi najaza. Mumeo ndiye analeta. Mdogo wako alimwambia jioni hii uso kwa uso, akampa nafasi ya kuacha kwa sababu yako wewe. Mwanamke wa kikaango hakunisubiri nimalize."

Mama Jiko akaweka mkono mdomoni.

Nilikuwa nimeshapiga namba yake kwa simu yangu. Sikumbuki kupiga. Iliita mara moja tu.

"Mke wangu," akajibu. Sauti laini, ile ya kuombea samahani.

"Mmefika?"

"Tumefika zamani. Daktari anamshughulikia. Usijali, ametulia."

Nyuma ya sauti yake chupa zilikuwa zinagongana. Nazijua zinavyogongana. Ni makreti yale ya kiti cha mbele, gari likiwa kwenye barabara mbovu, mbali na lami, mbali na hospitali yoyote.

Mtu mwenye akili angejifanya mjinga. Angesema asante mume wangu, angemweka kwenye maneno mpaka polisi wafike, angeuliza habari za daktari. Nimelifikiria hilo kila siku tangu siku ile. Lakini mimi nilikuwa bado naisikia ile ngumi ya mdogo wangu ndani ya viganja vyangu, na neno likanitoka lenyewe.

"Umevaa viatu gani?"

Chupa ziliendelea kugongana kidogo. Kisha zikaacha. Nikasikia breki ya mkono ikivutwa. Nikasikia mlango wake ukifunguka, hatua kwenye changarawe zikizunguka gari, na mlango wa nyuma ukiburutwa.

Hakukata simu.